Simu Iliyowatoa Zanzibar

Miaka kumi na tisa Joviness alikuwa akiitaka Zanzibar. Aliitaka tangu hajaolewa, na alipoolewa kijijini Kanoni alikuja na hamu hiyo pamoja na sufuria na vitenge vyake. Kahawa ikizaa vizuri, anasema mwaka huu. Kahawa ikiharibika, anasema mwakani. Mumewe, Elieza, alikuwa akicheka tu, mpaka siku alipomwekea tiketi mezani: yake, ya mkewe, na ya binti yao wa miaka minane, Ainembabazi. Mama yake Elieza, Bibi Kokwijuka, alikataa katakata mambo ya kupanda boti. Akabaki nyumbani, akiangaliwa na jirani yao, Mzee Egbert wa kanisani.

Ndani ya boti Joviness hakuona kitu. Tangu walipong'oa nanga Dar es Salaam alikuwa akitapika, kichwa ndani ya mfuko, macho kayafumba. Wala hakujali. Alikuwa na siku nne nzima za kuitazama bahari akiwa amesimama mchangani kama binadamu.

Hawajatoka hata geti la bandari, simu ya Elieza ikalia. Mzee Egbert! Huyu mzee hampigii mtu simu, yeye hupigiwa. Alimsalimia Elieza taratibu, akamuuliza kama yuko peke yake, akamuuliza kama wamekula. Kisha akasema mama anaumwa kidogo, wako naye hospitali ya Nyakahanga, ingekuwa vizuri wakirudi. Simu ikakatika.

Elieza akakaa pale pale, juu ya begi. Kwao msiba hautangazwi kwa simu. Mtu aliye safarini huambiwa mgonjwa anaumwa kidogo tu, aje, ili apate nguvu za kufika, mengine atayakuta. Naye haulizi, maana ukiuliza unamlazimisha mwenzako alitamke. Elieza alijaribu kupiga mara mbili, simu ya mzee haikupatikana. Hakujaribu tena.

Boti iliyowaleta ndiyo iliyowarudisha. Joviness alijifunika kitenge gubigubi, akalia mpaka Dar es Salaam. Alimlilia mama mkwe wake kweli, kwa sababu alimpokea vizuri tangu siku ya kwanza. Aliogopa pia. Mkwe aliyekuwa Zanzibar wakati mama mkwe anakata roho atasemwa mpaka wajukuu zake waolewe.

Basi liliwashusha mjini Kayanga siku ya tatu mchana. Elieza ni mtoto wa kiume pekee, hakutaka kufika mikono mitupu. Akanunua jeneza la mninga lenye vishikio vinavyong'aa, wakalipakia kwenye pikapu, wakakaa nalo nyuma mpaka Kanoni.

Pikapu ilipoingia kibanjani, shambani kwao, Joviness akavua viatu, akafunga kitenge kiunoni, akaruka chini na kuanza. "Mama yangu weee! Umetuachia nani!" Sauti ikapenya kwenye migomba. Majirani wakatupa majembe, wakaja mbio bila kujua nani amekufa. Mayowe ya namna ile mtu haulizi, anakimbia. Uwanjani hapakuwa na turubai, wala moto, wala waombolezaji. Joviness aliyaona yote hayo, lakini mdomo ulikuwa umeshashika kazi, hakuweza kuuzima.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Akatoka Bibi Kokwijuka, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

Joviness alinyamaza katikati ya neno. Akashika ubavu wa pikapu. Elieza aliachama, akabaki hivyo, kama mtu aliyesahau jinsi ya kufunga mdomo.

Bibi hakuwaangalia wao. Aliliangalia jeneza. Kisu kikamponyoka.

"Nani?" akauliza. "Mungu wangu, mmempoteza nani huko?"

Akaanza kuwahesabu kwa kidole: Elieza, Joviness, mtoto. Akarudia tena.

"Mbona mko wote? Sasa humo yumo nani?"



"Hamna mtu, Bibi," alisema Ainembabazi. "Ni lako."

Bibi akakaa chini, pu, juu ya maganda ya ndizi. Hapo watu wote wakaanza kusema kwa mpigo. Mzee Egbert, aliyekuja mbio na wenzake, alikuwa karibu kulia.

"Jamani, mimi si nilisema anaumwa? Alikuwa anaumwa! Malaria ilimpanda, akalazwa, kesho yake akaruhusiwa. Simu yangu imezima, umeme hakuna siku ya tatu leo!"

"Mzee, na wewe!" Placidia wa nyumba ya pili akamjia juu. "Unampigia mtu aliye safarini, unamuuliza kama amekula, halafu unataka aelewe nini?"



Joviness alijikokota mpaka kwa mama mkwe, akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimshika mkono. Alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Jeneza lenyewe zuri, sitalikataa. Haya, niambie basi. Hiyo bahari yako uliyotusumbua nayo miaka yote, ikoje? Ina rangi gani?"

Joviness akafungua mdomo. Akatafuta kichwani, akapata harufu ya dizeli na giza la kitenge. Kwenda, kichwa kilikuwa ndani ya mfuko. Kurudi, alikuwa amejifunika. Ameivuka bahari mara mbili na hajaiona.

Kitu kikampanda kifuani, na alipokitambua alishtuka kuliko alipomwona Bibi akitokea mlangoni na kisu. Ilikuwa hasira. Alikuwa amemkasirikia mama huyu kwa kuwa hai.

Akaangua kilio. Bibi akakivuta kichwa chake, akakilaza mapajani, akawa anampapasa.

"Nyamaza, mwanangu. Mimi nipo, sijafa."

Majirani wakatikisa vichwa, wakasema mkwe wa namna hii hapatikani siku hizi. Joviness akazidi kulia, maana hapakuwa na hata mmoja pale ambaye yeye angeweza kumwambia kwamba hakuwa akimlilia mama.