Dawa ya Boriti

Mtaani walimwita Mzee Usiue. Utani huo ulianzishwa na jirani aliyemwona akitoka nje na kikombe kilichofunikwa kwa kadi, akainama kando ya mtaro na kumshusha mende mmoja, taratibu, kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani.

"Huyo atafika ndani kabla yako, mzee," jirani alimwambia.

"Akifika nitamtoa tena."

Na kweli alimtoa tena. Alikuwa fundi saa, mtu wa mikono isiyo na haraka. Tangu aliposhika msimamo wa kutodhuru kiumbe chochote, aliufanyia kazi kama alivyofanyia kazi saa za watu, bila kuruka hatua. Maji ya kuoshea vyombo yalinywesha mboga zilizopandwa nyuma ya nyumba, chini ya ukuta. Maganda yalirudi udongoni. Mfuko wa plastiki haukuvuka kizingiti chake. Mkewe alimfuata kwa hiari katika mengi, kwa sababu tangu makopo ya kupulizia wadudu yaondoke nyumbani, kifua chake kilikuwa kimetulia. Kilichomchosha ni somo la maneno. Mumewe hakutaka kusikia mtu akisema dawa ya mende au dawa ya panya.

"Dawa inaponya. Inayoua ni sumu. Kila kitu tukiite jina lake."

"Haya, mwalimu. Nipe basi hiyo sumu yangu ya kifua nimeze."

"Hiyo ndiyo dawa!"

"Nitajuaje? Somo lenyewe gumu."

Kisha mchwa wakaingia chumba cha nyuma. Walijenga njia yao ya udongo kuanzia sakafuni, wakapanda ukuta, wakazama ndani ya boriti iliyoshika dari. Wakati mwingine wowote lingekuwa jambo la kubishania polepole. Lakini binti yao alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na mumewe alikuwa amepelekwa mbali kikazi. Alikuwa anakuja kujifungulia kwao, na chumba chake kilikuwa hicho.

"Baba watoto, kwa hili tusicheze," mkewe alisema. "Tumwite seremala aweke dawa." Akajisahihisha kabla hajasahihishwa. "Sumu. Aweke sumu, tulale."

"Imwagwe ukutani pale ishuke kwenye mboga tunazokula? Wewe na kifua chako? Na mtoto mchanga anakuja?"

Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana mkewe hakupata pa kumshikia.

Mzee alichemsha majani ya mwarobaini na vitunguu saumu, akachuja, akapanda juu ya meza na kuipaka boriti kwa brashi, akarudia na kurudia, mpaka mkewe akauliza kama anatibu mti au anaupika. Njia za udongo zilikauka. Alizibandua kwa kisu na hazikurudi. Akashuka mezani kama mtu aliyeshinda kesi. Boriti yenyewe hakuigonga kusikia kama ni nzima.

Binti alifika na miguu iliyovimba, akasimama mlangoni mwa chumba na kutazama juu. Ukutani palikuwa pamebaki alama ndefu ya kahawia.

"Baba, hawa si mchwa?"

"Walikuwa."

"Mmeweka dawa?"

"Nimeweka."

Mkewe, shuka mkononi, alimtazama mumewe. Kwa kamusi ya nyumba ile jibu lilikuwa halali kabisa. Lakini binti alikuwa ameolewa kabla kamusi hiyo haijaanza kutumika, na alisikia kile ambacho mtu yeyote angesikia.

"Afadhali," akasema, akajilaza.

Jikoni mkewe alinong'ona, "Mwambie ni majani."

"Ni dawa."

"Mwambie ni majani, halafu yeye mwenyewe aamue."

"Ataingiwa na hofu bure, na hali yake ile."

Mkewe akaendelea kukunja mataulo.

Boriti ilianguka mchana mmoja, binti akiwa ametoka kwenda chooni. Mimba iliyokuwa haimpi nafasi ya kulala ndiyo iliyomtoa kitandani. Walipofika mlangoni vumbi lilikuwa bado linashuka. Mbao za dari zilitapakaa sakafuni, na boriti ilikuwa imelala juu ya mto, imekatika katikati. Ndani ilikuwa tupu. Lililobaki ni ganda jembamba, na juu ya ganda hilo zilionekana alama za brashi, za kijani, zimepangika vizuri. Mchwa walikuwa wamekimbilia ndani zaidi, wakaendelea kula. Sasa walitapanyika juu ya shuka.

Binti alishika tumbo kwa mikono yote miwili. Akanusa.

"Hii harufu ya nini?"

"Mwarobaini," mama yake alisema.

"Si ulisema umeweka dawa?" akamgeukia baba yake.

"Ni dawa, mwanangu. Ile nyingine mimi naiita..."

"Baba." Hakupaza sauti. "Nilipouliza, ulijua nauliza nini?"

Fundi saa alitazama mto.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Jioni wifi yake binti alikuja kumchukua. Mzee alibeba begi mpaka kwenye gari, akalipanga vizuri, akalipanga tena.

"Nitamwita seremala," alisema. "Sumu itamwagwa. Kazi ikiisha utarudi."

"Sina ugomvi na mende wako, Baba. Ua, usiue, sikuulizi. Mimi nataka ukiniambia kitu, niweze kulala juu yake."

Seremala alipokuja, mzee aling'oa mboga zote za chini ya ukuta kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa udongo ule usingefaa tena kulisha mtu. Minyoo aliyoiona aliikusanya kwenye ndoo na kuipeleka upande wa pili. Mingine ilimponyoka.

"Na mchwa, mzee, huwaagi?" seremala alitania, ameshika jembe.

Mzee hakucheka. Alimpeleka mkewe kwa jirani kwa ajili ya kifua, akarudi na kusimama pale pale sumu ilipokuwa inamwagwa, kwenye mtaro uliochimbwa chini ya ukuta. Aliiagiza yeye, na hakutaka kuiagiza huku amejificha. Harufu ilimwingia kooni, ikakaa.

Boriti mpya iliwekwa, dari ikafungwa, shuka zikafuliwa. Mkewe alimpigia binti simu, akiwa na furaha. Mzee alikuwa anazunguka nyumba, anagonga kila boriti na kila fremu kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio, kama alivyotega kwa saa iliyosimama. Alipofika kwenye fremu ya mlango wa sebuleni, mlio ulibadilika. Akagonga tena, juu zaidi. Mkewe akamletea simu.

"Baba, Mama anasema chumba kiko tayari." Sauti ya binti ilikuwa imechoka. "Huku wananitunza, lakini si kwetu. Nije?"

Mkewe alikuwa anaitikia kwa kichwa mbele yake, ndiyo, ndiyo, mwambie aje.

"Chumba chako kiko tayari," mzee alisema. "Lakini nimegonga fremu ya sebuleni sasa hivi, ni tupu. Sijui wamefika wapi. Usije."

"Hata uchungu ukianza?"

"Hata ukianza. Tutakuja sisi."

Mkewe alikaa kwenye kiti, akampa mgongo.

"Haya," binti akasema. Hakukata simu. Mzee alibaki amesimama, simu sikioni, akisikiliza anavyopumua.