Baba wa Jumapili

Kigozi alianza kwa kuchekesha watu kwenye baa za Kampala, akiwasema walevi mbele ya wake zao, mpaka televisheni ikamwona. Wakamfanya Kalibbala, kijana bahili wa ukoo wa Senene katika mchezo wa kila Jumapili. Kilichomtoa ni ile siku aliyowekewa sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga, akaikataa huku akibubujikwa na machozi, maana mtu hali mwiko wa ukoo wake. Uganda nzima ilicheka. Tangu hapo hakuna aliyemwita Kigozi, isipokuwa baba yake, fundi baiskeli wa Mukono.

Sasa, jamani, mapenzi yana macho? Akampenda Resty, na Resty ni wa Senene kwelikweli, na watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Siku ya kutambulishwa ukweni, huko Masaka, Kigozi alikaa kimya ndani ya kanzu. Bwana harusi hasemi siku hiyo. Anasemewa na msemaji wa kukodi. Kwa mtu anayekula kwa mdomo wake, yalikuwa mateso makubwa. Msemaji alipotaja ukoo wa Fungo tu, baba mkubwa wa Resty akainuka.

"Ngoja kwanza! Huyu ni ndugu yetu. Mnataka tuozeshe kaka na dada?"

"Mzee, hayo ni ya kwenye televisheni. Jina lake Kigozi, na akina Kigozi ni Fungo."

"Kigozi ni jina lake la usanii. Usinifanye mtoto."

Ikaletwa sahani ya senene. Kigozi akala wote, akalamba na vidole. Watu wakashangilia.

"Kijana wetu anajua kuigiza!" mzee akasema kwa fahari. "Lakini binti hatoki."

Nyuma ya pazia Resty akaangua kilio. Hapo baba yake Kigozi akashindwa kuvumilia.

"Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Sisi ni Fungo tangu enzi za mababu."

Mzee akamwangalia viatu, akatabasamu. "Wewe nawe umekodiwa. Baba yake tunamjua." Akamwonyesha Bbosa, mwigizaji anayekuwa baba wa Kalibbala kila Jumapili, ambaye alikuja kusindikiza tu na kula luwombo, kile kitoweo cha ndani ya jani la mgomba.

Maji yalikuwa yamezidi unga. Kigozi alimtazama baba yake, akasikia kilio cha Resty, akaona aibu, kisha akamkonyeza Bbosa.

Bbosa akatoa leso. Chozi lake halijawahi kuchelewa. "Wakwe zangu, leo niseme ukweli. Huyu si damu yangu. Nilipewa na watu wa Fungo, akiwa kichanga."

"Ndiyo maana kala senene!" mzee akapiga kelele, akamkumbatia Bbosa. Vigelegele vikapasua hema. Resty akatolewa, kope bado mbichi, na Bbosa akawa wa kwanza kupakuliwa chakula.

Ikafika zamu ya picha.

"Baba wa bwana harusi!" mpiga picha akaita.

Wazee wawili wakainuka.

"Wewe mzee wa kukodi, sogea pembeni bwana, unaziba."

Watu wakacheka. Mambo ya mila yalishakwisha, ulimi wa Kigozi ulikuwa huru kusema lolote. Akacheka nao. Baba yake akasogea hadi pale alipoonyeshwa, akaanza kumpigia mwanawe makofi.