Chumvi Kavu ya Chukwani

Shemsa alikuwa amezoea kulala huku sikio moja liko kwenye kifua cha mumewe. Pumu ikianza kumnyemelea Himid, kwanza huja kifilimbi chembamba, kama upepo unaopenya chini ya mlango, na Shemsa huwa keshaamka kabla mwenyewe hajajua. Masika iliyopita hata kifilimbi kile kilikatika. Majirani walimbeba Himid kwenye kiti kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka barabarani kwenye gari, midomo yake imegeuka rangi ya majivu. Daktari alimrudishia pumzi, lakini alisema wazi kwamba nyumba yenye kuta zinazotoka jasho haimfai tena. Wahame kabla ya mvua nyingine.

Na sasa mawingu yalishaanza kukusanyika.

Himid alikuwa fundi bomba, mtu asiyekubali neno la mtu mpaka apime mwenyewe. Kila waliyemuuliza alisifia hewa ya kwao, basi akabuni kipimo chake. Alikaanga chumvi ya mawe mpaka ikakauka vizuri, akaitia kwenye chupa yenye kizibo. Kila walikokwenda kulala alimimina kidogo kwenye kisahani na kukiweka dirishani. Nyumbani kwao mjini, asubuhi kisahani kilikuwa na maji matupu.

Wakaifuata barabara ya pwani, kituo kwa kituo. Mangapwani, kwa Junaid, rafiki yake Himid, upepo ulikuwa mtamu lakini nyumba iko bondeni, na chumvi ikalowa. Mkokotoni, kwa Bi Maryam, shangazi yake Shemsa, chumvi ilishikana kidogo tu. Himid alipapenda sana. Lakini jioni ile ile waliyofika kifua kilikuwa kimembana, na wakapafuta.

"Kwenu hata hewa hainitaki," alimtania mkewe walipokuwa wakirudi. "Nawe ulivyokuwa ukipasifia."

Shemsa hakucheka. Alikuwa akisikiliza kifua.

Chukwani walimwendea Yusra, mdogo wake Himid, bila taarifa. Nyumba yake iko juu, kwenye mawe, na bahari inaivumia toka mbali. Asubuhi Himid alikitikisa kisahani, na chumvi ikalia kama changarawe. Alilala kama mtoto. Wakakubaliana kwamba chumba cha uani kitakuwa chao, na wiki iliyofuata wakarudi na mabegi, safari hii Yusra akijua siku na saa.

Ilikuwa alasiri. Himid aliingia chumbani kujinyoosha, na Shemsa akabaki jikoni na wifi yake, akikuna nazi. Kifilimbi kilimfikia kupitia ukutani.

Alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda hadi masikioni. Akampa dawa ya kuvuta, akarudia tena. Kifua hakikufunguka. Himid aliinua kidole na kuonyesha dirishani, na Shemsa alipogeuka alikiona kisahani tu, chumvi yake kavu inameta, akatamani kukirusha nje. Kidole kikazidi kuonyesha. Ndipo alipotambua kwamba madirisha yote yamefungwa.

Hakuhangaika nayo. Alimshika mumewe chini ya makwapa, Yusra akashika upande wa pili, wakamburura mpaka uani na kumkalisha kwenye benchi, upepo unampiga usoni. Rangi ya majivu ilikuwa imeshaanza midomoni. Shemsa alihesabu dua badala ya pumzi. Kisha kifilimbi kikarudi, na safari hii alikishukuru.

"Turudi mjini," alisema. "Kama ni kufa, afie kwake."

Yusra alikuwa analia kimyakimya. Shemsa alitazama chumba walichotoka, mlango uko wazi, akaona uzi wa moshi ukipanda kutoka chini ya kitanda.

"Wifi, nini kile?"

"Udi," alisema Yusra. "Mara ile mlinijia ghafla, nikaona haya. Kaka yangu kulala kwangu asifukiziwe hata kitanda? Leo nikafunga na madirisha, harufu isitoke."

Shemsa akakumbuka chetezo cha Bi Maryam, kilivyowapokea mlangoni kwa moshi wa udi. Kisha akakumbuka chake. Kila Alhamisi jioni hukifukiza chumba chao, na masika huzidisha, ili kuficha harufu ya ukuta uliolowa. Siku ile Himid alipobebwa kwa kiti, makaa yalikuwa bado mekundu walipotoka naye.

"Kumbe nimepima maji tu, moshi sikuupima," alisema Himid kwa sauti ya kukwaruza. Akavuta pumzi, akapumzika. "Hapahapa, Shemsa. Nshachoka kutafuta."

Shemsa alikitoa chetezo kwa kitambaa, akakipeleka mpaka mwisho wa ua na kuyazika makaa kwenye mchanga. Yusra alikwenda kufungua madirisha. Mbali, upande wa kusini, ngurumo ya kwanza ikasikika.

Alirudi kwa haraka kuweka sikio kwenye kifua cha mumewe, kama siku zote. Hatua chache kabla ya benchi alisimama. Kanga aliyojitanda ilikuwa inanukia. Alikuwa ameifukiza asubuhi, pamoja na kila kilichomo kwenye mabegi.

Akarudi nyuma, upande ambao upepo ulikuwa ukielekea. Hapo kifilimbi hakisikiki. Akabaki akikodolea macho shati la Himid, lilivyokuwa likipanda, likishuka, likipanda.