Poda Kidevuni mwa Birika

Mwanangu alipotimiza miezi miwili, koo lake lilianza kupiga mluzi kila akivuta pumzi. Baba yake, ambaye hawezi kukaa bila utani, akambandika jina la Birika. Tulicheka siku ile moja tu. Kisha kifua kikaanza kubonyea akinyonya, na utani ukatuishia.

Zahanati walisema ni uvimbe wa mafua kooni. Wakatupa dawa, akatulia; dawa ilipokwisha, mluzi ukarudi palepale. Tukaenda tena, tukapewa ileile. Mimi huuliza mpaka watu wananikimbia: mafua gani haya yanayongoja chupa iishe?

Kila tulipotoka, dada yangu, mpambaji wa maharusi, alitusimamisha mlangoni. "Mtoto haendi mbele za watu na madoa," alisema, akafungua mkoba na kufunika vidoa vyekundu vya kidevuni kwa poda ya rangi ya ngozi. Kazi yake anaijua, huoni kitu.

Mwishowe tukapelekwa kwa daktari wa koo, dada akatusindikiza. Birika akacheua maziwa, daktari akamfuta kidevu kwa pamba. Pamba ikatoka na rangi. Akaitazama, akafuta tena.

"Mama, hivi vidoa vipo tangu lini?"

"Tangu ana wiki chache."

"Na wenzangu hawakuviona?"

Dada akageukia dirisha. "Nilivipaka poda mimi."

Daktari hakukasirika. Alivuta kiti karibu. "Vidoa hivi vikikaa pale ndevu zinapoota, wakati mwingine vina ndugu yao ndani."

Wakamlaza Birika usingizi, wakaingiza kamera nyembamba. Baadaye daktari akatuonyesha picha: chini ya nyuzi za sauti, kivimbe chekundu, laini, kimeziba zaidi ya nusu ya njia ya hewa. Niliogopa, lakini sitadanganya, niliomba kukiona tena.

"Si saratani," alisema. "Ni mishipa midogo ya damu iliyojisokota. Ni nadra. Hukua miezi ya mwanzo, halafu hunywea polepole. Ile dawa ya kwanza ilikipunguza kidogo tu. Ila huyu hawezi kungoja."

Akaandika dawa ya wagonjwa wa moyo. Nikauliza moyo umeingiaje hapa.

"Kuna watoto walipewa kwa ajili ya moyo, vivimbe vyao vikanywea. Hata sisi tulishangaa."

Tulirudi nyumbani tukampa dawa ile, na siku chache baadaye, mchana nikiwa nakunja nguo, nyumba ikanyamaza. Tulizoea kujua Birika yu hai kwa mluzi wake, na sasa haukuwepo. Nikatupa nguo, nikakimbilia kitandani kwake. Dada akanipita, akachomoa kioo chake cha kazi mkobani, akakiweka chini ya pua ya mtoto.

Kioo kikaingia ukungu, ukafutika, ukaingia tena. Dada akakaa sakafuni akilia, kioo bado kakishikilia palepale, akaniita nije nitazame.