Msamaha wa Farao wa Aljebra

Mwanangu Shukri anaamini kwamba hapa Tanta, Misri, hakuna mtoto atakayeingia chuo cha uhandisi asipopita mikononi mwa Gaber, yule mwalimu wa masomo ya ziada anayejiita Farao wa Aljebra. Picha yake imebandikwa hadi migongoni mwa bajaji: kakunja mikono, kavaa taji, nywele zinang'aa kama samaki aliyetoka kwenye mafuta. Nimewaona wauza dawa ya upara wenye haya kuliko huyo.

Basi Farao akamfukuza mjukuu wangu Wiam, na Shukri akatutuma sisi wawili tukaombe radhi.

"Mama, nenda naye. Wewe mtu mzima, atakuonea haya."

"Hiyo haya ataitoa wapi?" nikamuuliza. Lakini nilivaa viatu.

Njiani nikamwomba Wiam anieleze ugomvi wenyewe, maana hesabu yangu iliishia kwenye kugawanya.

"Kuna kanuni mbili, Bibi. Moja tunaiita Rei, inaongeza tatu. Nyingine Dali, inazidisha kwa mbili. Zikiunganishwa, namba inapita kwanza kwa ile iliyo jirani yake. Nikiandika Dali, kisha Rei, kisha tano, tano jirani yake nani?"

"Rei."

"Basi Rei kwanza: nane. Kisha Dali: kumi na sita. Ukitaka kurudi ulikotoka, unatengua ya mwisho kwanza. Unagawa kwa mbili, ndipo unatoa tatu, unaikuta tano yako."

"Mbona sioni ugomvi?"

"Ugomvi ni wimbo wake! 'Kuume kwanza, kuume kwanza!' Anatuimbisha ukumbi mzima. Watoto wa shule za lugha za kigeni wanaandika hesabu kwa herufi za kizungu, kutoka kushoto, kwa hiyo namba yao inakaa mwisho, kuume. Wimbo unawafaa. Sisi wa shule za serikali tunaandika kwa Kiarabu, tunaanzia kuume, namba yetu inaangukia kushoto. Tukimfuata tunaanza na Dali. Kumi, halafu kumi na tatu. Swali lile lile, majibu mawili! Nilipomwambia, akanitoa."

Nikasema moyoni, na huyu ndiye tunayemwendea kwa magoti.

Ukumbi wake ni ule wa harusi, juu ya duka la keki za basbusa. Watoto wamebanana kama zeituni kwenye chupa, naye jukwaani na kipaza sauti, anapokaa bwana harusi. Kijana mmoja kazi yake ni kumshikia maji.

"Karibu, Hajati!" akaita. Makka sijafika, lakini kwa watu wa aina yake kila mwenye mvi ni Hajati, hasa akija kunyenyekea.

"Mtoto nimemleta, mwalimu."

"Mtoto wako ana ulimi, Hajati. Wa shule ya serikali anifundishe mimi?" Akawageukia watoto. "Nani alipata kumi na tatu? Inueni mikono, msione haya. Na kumi na sita? Mnaona? Wa lugha hao! Wimbo ni mmoja, wavivu ndio hawajui kujumlisha."

Wa lugha wakacheka. Wa serikali wakainamia madaftari yao. Farao akamnyooshea Wiam kipaza sauti.

"Sema tu 'kuume kwanza', wenzako wasikie, ukakae kitini kwako. Mimi si mtu wa kinyongo."

Maneno mawili tu. Na mtoto anakitaka kile chuo kuliko baba yake anavyokitaka. Akanitazama. Sikumkonyeza wala sikutikisa kichwa. Anayesoma ni yeye.

"Wa lugha, kuume kwanza," akasema.

Farao akatabasamu meno yote.

"Wa serikali, anzeni kushoto, kwenye namba. Jaribuni sasa hivi."

Kipaza sauti kikanyakuliwa. Lakini kalamu zilikwisha kushuka kwenye madaftari.

"Kumi na sita!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Na mimi! Wallahi na mimi!"

"Kumbe mwezi mzima tunaimba upumbavu?"

 Farao akapiga makofi mwenyewe. "Ndiyo! Ndivyo nilivyokuwa nikifundisha tangu mwanzo! Nilikuwa nangoja kuona nani atagundua. Mpigieni makofi Farao wenu!"

Na wakampigia! Hata wale aliowaita wavivu sasa hivi. Akamwonyesha Wiam mstari wa mbele. "Njoo, binti yangu. Nimekusamehe."

Wiam akanishika mkono. "Twende, Bibi. Nikikaa hapa, mwaka utakwisha namsahihisha huyu."

Nyumbani, Shukri alikuwa akitusubiri mlangoni.

"Vipi? Kakusamehe?"

"Kanisamehe, Baba."

"Alhamdulillahi! Na kiti?"

"Kanipa cha mbele. Nimemwachia."

Shukri akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Na wewe ukanyamaza tu?"

"Nilinyamaza, tena sana. Sasa nipishe, miguu inaniuma. Na uondoe vikombe vyako mezani, mtoto anataka kusoma."

 Shukri akaenda kuondoa vikombe.