Kiwanda cha Mjomba Velvel

Mjomba Velvel alikuwa na sauti ya mnadani hata anapoomba chumvi mezani. Baba yangu, Anshel Brodavka, alizungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wawili hawa ndio waliojenga kiwanda cha nyama cha Zlotkin, jina la ukoo wa mjomba, kule Omaha ya kusini, na ndio hao hao waliokiangusha.

Mjomba ndiye aliyemtoa baba Ulaya baada ya vita. Alisikia kwamba katika kambi moja ya wakimbizi Ujerumani yumo mchinjaji aliyeisomea kazi yake na ambaye hana mtu duniani. Akamlipia safari, akampa chumba, na mwaka haujaisha akampa na dada yake, mama yangu Tsivia.

"Nimepata mchinjaji na shemeji kwa nauli ya mtu mmoja!" alikuwa akiwachekesha wageni. Baba alicheka pia, kila mara.

Walianzia kwenye banda nyuma ya mazizi ya mnada. Mjomba alinunua ng'ombe, baba akachinja na kukagua. Kwa sheria yetu sisi Wayahudi, kisu kikali na dua havitoshi. Mchinjaji huingiza mkono kifuani mwa mnyama na kuyapapasa mapafu. Akikuta yamenata kwenye mbavu au yametoboka, nyama ile si kosher, hatuli. Huuzwa kwa viwanda vya jirani visivyojali. Baba akilitilia shaka pafu, alilipuliza, akalizamisha majini, akainama kutazama kama litatoa viputo. Aliweza kukaa ameinama hivyo mpaka wafanyakazi wakaanza kukohoa.

Wauza nyama wa Chicago na Minneapolis hawakuwa na maswali mengi kwenye simu.

"Mzee Anshel ameiona?"

"Ameiona."

"Basi lete."

Hivyo ndivyo tulivyotajirika. Banda likawa jengo la matofali, jengo likaongezwa ghorofa, na malori yenye jina la Zlotkin ubavuni yakapeleka soseji zetu mpaka New York. Wapoli, Wacheki, Weusi wa kaskazini mwa mji na Wameksiko walifanya kazi bega kwa bega. Mjomba alijua majina ya watoto wao. Krismasi ikifika, ingawa haikumhusu, kila mmoja aliondoka na bata mzinga.

Kisha maduka makubwa ya nchi nzima yakazitaka soseji zile. Mjomba akafunga mitambo mipya, minyororo ya kuning'iniza ng'ombe ikawa inakimbia, na mwisho wa mnyororo alikuwa amesimama mtu mmoja, baba, na mkono wake kifuani mwa ng'ombe.

"Kaza mwendo, shemeji! Hao wameshakufa, hawatakuponyoka!"

"Nakaza," baba alijibu. Lakini hakukaza.

Mwaka ule baridi ilikuwa kali na ng'ombe walikuja na mapafu mabovu. Wiki chache kabla ya Pasaka yetu ya Kiyahudi, oda zikiwa zimefurika, baba alikataa mmoja, akakataa wa pili, akaendelea kukataa hadi msimamizi wa zamu, Mcheki aitwaye Kucera, akasimamisha mnyororo na kwenda kumwita bosi.

Mjomba alishuka na koti lake zuri, akakanyaga damu bila kujali.

"Huyu ana nini?"

"Pafu limetoboka."

"Limetoboka wapi? Mimi sioni kitu!"

"Tazama majini, Velvel. Hapo."

"Kiputo kimoja! Kiputo kimoja tu, Anshel! Rabi yeyote kule Chicago angelipitisha hili huku amefumba macho!"

"Labda. Mimi siwezi."

Hapo mjomba akasema maneno ambayo nadhani aliyajutia kabla hayajamalizika kutoka. "Nilikutoa kambini ukiwa mifupa mitupu! Leo unanifundisha kazi kwenye kiwanda changu?"

Wafanyakazi wote walisikia. Baba akafuta kisu, akakifunga kwenye kitambaa, akavua aproni, akaja nyumbani kwa miguu.

Kesho yake aliletwa rabi kijana kutoka jimbo jingine, na mnyororo ukakimbia. Watu walipouliza, baba alisema macho yamechoka. Hata mama hakumweleza zaidi. Alimwomba tu apike samaki, na kuku aliowachinja mwenyewe. Mama alikuwa dada wa Velvel, lakini hakuwa mjinga. Akapika samaki.

Mwaka mzima ukapita na kiwanda kikazidi kushamiri, maana huko mbali hakuna aliyejua kwamba Mzee Anshel hayupo tena. Kisha Harriet, binti pekee wa mjomba, akaolewa.

"Sema tumbo linakuuma," mama alimsihi baba akimfunga tai.

"Haliniumi."

"Basi usiende kabisa! Mimi nitasema una homa."

"Tsivia, mtoto huyu nimembeba mabegani. Nitakosaje harusi yake?"

Walimkalisha meza ya mbele, pamoja na wauza nyama wakubwa wa Chicago. Nami nilikaa meza ya pili nikiwa na nguo ya wasimamizi wa bibi harusi. Wahudumu wakaleta nyama ya kidari iliyopikwa taratibu na vitunguu, nyama ya Zlotkin, harufu yake imejaa ukumbini. Baba akaisogeza sahani pembeni kwa adabu, akamega mkate, akachukua tango la siki.

Bwana mmoja mnene aitwaye Fishbein, aliyenunua kwetu tangu enzi za banda, alimtania. "Mzee Anshel, umeanza kula kama ndege? Au mkeo kakutisha na tumbo lako?"

Baba alitabasamu, akamega tena mkate.

Fishbein alicheka peke yake kidogo. Halafu akaitazama sahani ya baba, akaitazama yake. Akaweka uma chini. Jirani yake akamwona, naye akaweka. Mimi niliona meza ile ikinyamaza mtu baada ya mtu, huku muziki unapigwa na vijana wamembeba Harriet juu kitini.

Mjomba alikuja na chupa mkononi, uso umemwiva kwa furaha, akakuta sahani zimejaa. Alielewa papo hapo. Akainama sikioni mwa baba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akinong'ona.

"Kipande kimoja, Anshel. Kwa ajili ya mtoto."

"Usiniombe hapa, Velvel. Tafadhali."

Basi. Baba hakusema neno baya juu ya kiwanda kile, si siku ile wala baadaye. Lakini Chicago ilipata jibu. Malori yakaanza kurudi na mizigo yake, na marabi wa huko wakaondoa idhini yao kwamba nyama yetu ni kosher.

Mjomba alimfukuza yule rabi kijana, akaja nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Baba hakungoja aombe. Akachukua kisu chake, akarudi kazini. Akapapasa mapafu vilevile, polepole vilevile, akakataa waliostahili kukataliwa, na safari hii mjomba hakupaza sauti.

Haikusaidia. Watu walisema, "Wale ni mtu na shemeji yake. Kanunuliwa." Jina la baba, lililouza nyama miaka yote ile, nalo lilikuwa limeoza. Kiwanda kilifungwa kabla ya theluji ya kwanza.

Siku ya mwisho nilikwenda kumchukua baba kwa gari. Kucera alikuwa amesimama getini na wenzake, mikono mifukoni, hawajui waende wapi.

"Binti Brodavka," aliniita. "Mimi si mtu wa dini yenu. Lakini niambie. Asingeweza kula kipande kimoja tu?"

Nikaingia ndani kumtafuta baba.

Mjomba alihamia Minneapolis kwa Harriet. Yeye na baba hawakugombana. Waliacha tu kupigiana simu. Mama alipofariki, mjomba alikuja kukaa matanga, na wazee wale wawili wakakaa wiki nzima kwenye vigoda vifupi, kama ilivyo desturi yetu ya msiba, magoti yakigusana.

"Ungeniambia, Anshel," mjomba alisema siku moja, wageni walipokuwa wameondoka.

"Nilikuambia. Hukusikia."

"Ungenipigia kelele! Unanijua. Mimi sisikii sauti ndogo."

"Nilikuonea haya," baba alisema. "Mtu aliyenipa mke, nitampigiaje kelele?"

Mjomba alilia, na baba akaenda jikoni kuchemsha chai, kwa kuwa hakujua la kufanya. Nilimkuta huko amesimama mbele ya jiko, birika linatokota, hajalizima.