Kiti cha Nyuma cha Mama Kahonzi

Kadzo alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akaliangalia gari la mumewe, akasonya. Jua lilikuwa limeshatoka, lakini taa za buluu zilikuwa zinawaka chini ya dashibodi kana kwamba ni harusi. Usukani umevalishwa ngozi nyekundu. Dari limebandikwa kitambaa cheusi cha kumetameta. Viti viwili vya mbele vimeshonwa upya na bado vinanukia duka. Na nyuma? Nyuma hakuna kitu. Bati tupu na matundu ya skrubu.

"Baba Idah, kiti cha nyuma kiko wapi?"

Mumewe, Mutuku, alijikuna shingo. "Kwa Fundi Kambi."

"Si ulisema kitakuwa tayari Ijumaa?"

"Yeye ndiye aliyesema Ijumaa. Sponji ikachelewa kutoka Mombasa. Halafu umeme ukapotea. Halafu akaenda matangani."

"Huyo Kambi ana jamaa wangapi? Kila akipewa kazi anafiwa!"

Leo, kati ya siku zote! Leo ndiyo siku ya kumtoa mama yake Kaloleni na kumleta hospitali Kilifi, akatolewe mtoto wa jicho. Mama Kahonzi alikuwa haoni tena ila mwanga na vivuli, na kwa muda mrefu alikataa katakata kusikia habari ya kisu. Kadzo alimbembeleza mpaka ulimi ukamkauka. Sasa amekubali, daktari amempangia, na Kadzo alimjua mama yake vizuri: akipewa nafasi ya kulala na hofu yake usiku mmoja zaidi, hatoki tena nyumbani.

Akampigia simu Kiprop, dereva wa teksi wa mtaani kwao. Kiprop alikuwa ameshafika Malindi na wageni. Matatu nazo mama alikuwa hazitaki kabisa tangu alipoteleza akishuka.

"Atakaa mbele," Mutuku alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema.

"Mbele na nani? Na wewe?"

Kwao Mutuku Ukambani, na kwao Kadzo vilevile, mkwe hakai ubavu kwa ubavu na mama mkwe wake. Tangu waoane, Mutuku hajawahi kumpa mama huyo mkono. Walisalimiana kwa mbali, kwa adabu, na akimbeba garini, mama alikaa nyuma na mkwe akatazama barabara. Na Kadzo, ambaye hakujua hata kuwasha gari, hakuwa tayari kumpeleka mama yake kupasuliwa macho huku amekaa kwenye bati kama gunia la nazi.

"Twende," akasema mwishowe. "Nitafikiri njiani."

Njia nzima hakufikiri, alifoka. Alifoka Mavueni, akafoka kwenye kila kona ya kupanda Kaloleni. Mwanamume mzima, alisema, kazi yake kulipamba gari kama bibi arusi! Leo taa, kesho zulia, kesho kutwa marashi ya kuning'iniza kwenye kioo. Mutuku aliendesha tu. Hilo nalo lilimuudhi Kadzo.

Walimkuta mama amekaa kibarazani, amejifunga leso safi, kifurushi mapajani. Kadzo alipomwona anageuza uso kufuata sauti ya injini badala ya gari lenyewe, uongo ukamtoka mdomoni kabla hajaupima.

"Mama, Mutuku amebanwa na kazi. Amempa Kiprop gari atupeleke. Wewe utakaa mbele, nyuma kuna mizigo."

"Kiprop yupi?"

"Dereva wa teksi. Ana mafua, sauti imemkauka."

"Pole, mwanangu Kiprop."

"Mmh," Mutuku aliguna, na jasho likaanza kumtiririka shingoni.

Kadzo alijibanza nyuma kwenye bati, magoti kidevuni. Mama alipapasa kiti chake polepole, kitako mpaka mgongoni.

"Laini," alisema. "Unamjua mkwe wangu, Kiprop?"

"Mmh."

"Basi nikwambie. Siku ile alipotubeba kutoka harusini, springi ya kiti chake cha nyuma ilichomoza ikanichana leso. Mpya, ya harusi ya huyu mwanangu. Mimi nilicheka tu. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo nasikia hana raha, anashona viti."

Kadzo alishtuka. Miaka yote hiyo hakuambiwa na yeyote, si mume, si mama.

"Mwambie ile leso niliishona ikaisha," mama aliendelea. "Mimi viti vyake sivioni. Hata gunia ningelikalia nikaja. Nataka kumwona mwanangu uso, maana siku hizi namjua kwa sauti tu, na kila nikiisikia ina hasira."

Mutuku alinyoosha mkono akazima zile taa za buluu, kisha akajipangusa macho kwa kiganja. Kadzo aliona aibu, na akamwonea mumewe huruma ambayo asubuhi ile hakuwa nayo hata chembe.

Kesho yake mama alifunguliwa bandeji. Alimtazama Kadzo kwa muda mrefu, akamshika mashavu, akalia, kisha akasema, "Umekonda. Punguza kufoka."

Nje ya hospitali gari lilikuwa linangoja, na kiti cha nyuma kimo. Mutuku alikuwa amekwenda kukaa mlangoni kwa Fundi Kambi na kukataa kuondoka mpaka mshono wa mwisho. Mama aliingia nyuma, mahali pake, akaitandaza mikono yote miwili juu ya ngozi nyekundu.

"Shikamoo, mama," Mutuku alisema, macho barabarani.

"Marahaba, mkwe wangu. Kiti kizuri. Sasa nakiona." Akakitazama kisogo cha mkwewe. "Na yule Kiprop leo yuko wapi?"

Mutuku aliwasha gari. "Ameacha kazi, mama."

"Afadhali," alisema Mama Kahonzi. "Angekaa karibu nami siku ya pili, ningelazimika kumtambua."